Tazama Kalenda, Usitazame Kitambaa

(Haya ni mazungumzo niliyotoa mbele ya watu waliokusanyika kusikiliza habari za magonjwa ya pua. Walioshindwa kufika waliomba maandishi, nami nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.)

Ndugu zangu, wazee wangu, vijana, habari za asubuhi.

Kabla sijaendelea, naomba kila mtu aweke vidole viwili kwenye mashavu, chini kidogo ya macho. Bonyezeni taratibu. Haya, pandeni juu, kwenye paji la uso, juu ya nyusi. Sasa katikati ya macho, pale miwani inapokalia. Ndani ya mifupa hiyo mliyoigusa mna mapango yenye hewa tupu. Hayo ndiyo yanayoitwa sainasi. Ziko jozi nne, na jozi ya nne hamwezi kuigusa kwa kidole, kwa sababu imejificha ndani kabisa, nyuma ya pua, chini ya ubongo.

Mapango haya yamefunikwa na utando laini unaotoa kamasi. Najua neno kamasi linawafanya watu wakunje uso, lakini bila kamasi vumbi lote mnalovuta lingebaki humo humo. Kamasi hulinasa vumbi, kisha vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huisukuma kamasi hadi kwenye tundu dogo linalofunguka puani. Tundu la sainasi ya shavuni liko wapi? Mtu angetarajia liwe chini, ili uchafu utiririke wenyewe. Haliko chini, liko juu! Ni chumba ambacho mlango wake uko karibu na dari, na kila kitu lazima kipandishwe ukutani ndipo kitoke. Vinyweleo vikiwa na nguvu, hujui hata kama kuna kazi inafanyika. Mafua yakija, utando unavimba, tundu linaziba, vinyweleo vinalegea, na kamasi inabaki ndani. Uso unakuwa mzito. Ukiinama kufunga kamba za viatu, uzito wote unakuja mbele. Meno ya juu yanauma. Harufu ya chakula huisikii.

Hiyo ndiyo sainasaitisi ya ghafla, au kama wengi tunavyosema, sainasi imenishika. Tunaiita ya ghafla ikiwa haijapita wiki nne. Ikivuka wiki kumi na mbili inaitwa sugu, na hiyo ni habari nyingine yenye mkutano wake.

Sasa niwaulize. Kati yenu, nani amewahi kupata mafua? Wote. Nani amewahi kupata ugonjwa wa sainasi? Naona mikono michache. Mwaka 1994, Jack Gwaltney na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambao wao waliufanya kwa njia rahisi tu: waliwachukua watu wazima 31 wenye mafua ya kawaida, mafua haya haya ya kupiga chafya, wakawapiga picha ya CT ya uso, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya kichwa kipande kwa kipande. Watu 27 kati ya 31 walikuwa na sainasi za mashavuni zisizo sawa. Hao walikuwa na mafua tu! Waliorudia picha baada ya wiki mbili hivi, bila antibiotiki hata moja, zile dawa zinazoua bakteria lakini si virusi, wengi wao walikuwa wamesafika au wanakaribia kusafika. Kwa hiyo karibu mikono yote iliyoinuka kwa swali la kwanza ilipaswa kuinuka kwa la pili. Mafua yanapoingia puani, yanaingia na kwenye sainasi. Na ndiyo maana, ndugu zangu, mgonjwa wa kawaida hahitaji eksirei wala CT. Picha itaonyesha kamasi imejaa, lakini haitakuambia aliyeijaza ni virusi au bakteria.

Basi tutajuaje? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo, na nitayarudia hadi mnichoke: tazama kalenda, usitazame kitambaa.

Alikuja kwangu mwalimu mmoja. Ilikuwa siku yake ya nne ya mafua. Alikuwa ameifunga leso yake ndani ya mfuko wa plastiki, ameileta kama ushahidi. Mnacheka, lakini hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Akaufungua mfuko, akasema, “Daktari, jionee mwenyewe, ni ya kijani. Nipe dawa kali.”

Rangi ya kijani inatoka wapi? Inatoka kwa askari wako mwenyewe. Chembe nyeupe za damu zinazokimbilia kwenye utando ulioshambuliwa zina kimeng’enya chenye madini ya chuma, na kimeng’enya hicho ni cha kijani. Chembe zikifa kwa wingi, kamasi inageuka njano, kisha kijani. Zinakufa zikipigana na bakteria, na zinakufa vile vile zikipigana na virusi. Kamasi iliyolala puani usiku kucha huamka na rangi kali zaidi. Kwa hiyo kitambaa kinasema kwamba kuna vita, lakini adui hakimtaji.

Nikamuuliza mwalimu yule maswali mawili tu. Umeanza lini? Jumatatu. Leo ukijilinganisha na jana, ukoje? Akanyamaza, akafikiri, akasema, “Leo afadhali kidogo.” Nilimpa dawa ya maumivu, nikamfundisha kusafisha pua, nikamwandikia kwenye karatasi tarehe ya kurudi iwapo hatakuwa amepata nafuu. Hakurudi. Kamasi ya kijani ilikaa siku chache zaidi, ikaenda zake.

Sasa kalenda inasomwaje? Kuna namna tatu ambazo bakteria hujitambulisha.

Ya kwanza, siku kumi zimepita na hakuna nafuu yoyote. Sikilizeni vizuri, sijasema siku kumi zimepita na bado unapenga kamasi. Mafua mengi huacha mkia wa kikohozi na kamasi kwa wiki mbili, hata zaidi, na hilo si tatizo mradi kila siku unaona unapanda. Nasema siku ya kumi uko pale pale ulipokuwa siku ya tano.

Ya pili ni ukali tangu mwanzo. Homa ya nyuzi 39 au zaidi, usaha unatoka puani, uso unauma, na hali hiyo inashikilia siku tatu au nne mfululizo. Huyu hatumwambii asubiri siku kumi.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu wagonjwa huieleza wenyewe bila kuulizwa. Dereva mmoja wa lori aliniambia hivi: “Daktari, mimi nilikuwa nimeshapona.” Siku ya tano, ya sita, homa imekwisha, hamu ya kula imerudi, akarudi barabarani. Siku mbili baadaye homa ikampiga upya, shavu la kulia likaanza kugonga, na meno ya juu upande ule ule hayataki kuguswa. Kupona, kisha kuanguka tena, vibaya kuliko mwanzo. Virusi vilikuwa vimefungua njia, bakteria wakapita. Huyo nilimwandikia antibiotiki siku hiyo hiyo, bila kutaka kuona leso yake.

Ni wangapi hufika huko? Kati ya watu wazima 100 wenye mafua ya virusi, wanaoishia na maambukizi ya bakteria kwenye sainasi ni wawili au pungufu. Kwa watoto ni zaidi kidogo, lakini nao ni wachache. Mtoto, tena, hatakuambia uso unamuuma. Kwake utaona kikohozi cha mchana na usiku, kamasi isiyokoma, ukorofi, na kukataa kula.

Nihamie kwenye jambo linaloniudhi kidogo. Si kila kinachouma usoni ni sainasi.

Kuna mama aliyeishi na “sainasi” kwa miaka. Kila mwezi paji la uso linamgonga, jicho linatoa machozi, pua inaziba, anakunywa antibiotiki, baada ya siku mbili anapona. Anasema antibiotiki zinamsaidia. Nikamuuliza, ukiumwa hivyo, mwanga unaupenda? “Hapana, nafunga mapazia.” Kelele je? “Watoto wote nawatoa nje.” Kichefuchefu? “Sana.” Homa? Hajawahi. Usaha? Hajawahi. Ndugu zangu, hicho ni kipandauso! Kipandauso kinaweza kuziba pua na kutoa machozi, kwa sababu neva ile ile inayobeba maumivu ya kichwa inapita usoni. Na kilikuwa kinaisha baada ya siku mbili kwa sababu ndivyo kipandauso kinavyoisha, dawa au pasipo dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha karibu watu 3,000 waliojiona au kuambiwa na madaktari kuwa wana “kichwa cha sainasi”, ulikuta asilimia 88 yao maumivu yao yalikuwa ya aina ya kipandauso. Asilimia 88! Kwa hiyo kichwa kikija na kuondoka, bila homa, bila kamasi nzito, usikimbilie kulaumu mashimo ya uso.

Mwingine anayelaumiwa kimakosa, au tuseme anayejificha, ni jino. Mizizi ya magego ya juu inakaa karibu mno na sakafu ya sainasi ya shavu. Katika karne ya 17 kulikuwa na daktari Mwingereza aitwaye Nathaniel Highmore, ambaye mwaka 1651 aliandika kwa undani kuhusu pango hilo la shavuni. Anasimulia habari za mwanamke aliyeng’olewa jino la juu, kisha pengo likawa linatoa majimaji bila kukoma. Yule mama akachukua kitu chembamba akakiingiza pale pengoni ili ajue kinachoendelea. Kikazama. Akasukuma, kikazidi kuzama. Akashikwa na hofu kuwa amefika kwenye ubongo! Hakuwa amefika kwenye ubongo, alikuwa amefika kwenye sainasi, na Highmore ndiye aliyemtuliza kwa kumweleza kuwa kuna pango pale. Msijaribu nyumbani. Ninachotaka mkumbuke ni hiki: ukiwa na kamasi yenye harufu mbaya upande mmoja tu, na gego la upande huo ni bovu, antibiotiki za pua zitakusumbua bure. Nenda kwa daktari wa meno kwanza. Na akiwa ni mtoto mdogo anayetoa uvundo kwenye tundu moja la pua, mchunguzeni vizuri. Mara nyingi kuna shanga au kipande cha sponji alichokiingiza mwenyewe, akanyamaza.

Tuje kwenye matibabu, ambayo najua ndiyo mliyoyafuata.

Mwajua mtu wa kwanza kutibiwa na Alexander Fleming kwa penisilini aliugua nini? Fleming aliigundua mwaka 1928 katika Hospitali ya St. Mary’s, London. Tarehe 9 Januari 1929 alichukua majimaji ya ule ukungu wake akayaingiza kwenye pua ya msaidizi wake, Stuart Craddock, aliyekuwa na maambukizi mabaya ya sainasi. Ndiyo, sainasi! Matokeo? Hakuna cha maana kilichotokea. Bakteria aliyekuwa humo yaelekea alikuwa Haemophilus influenzae, ambaye penisilini ile haikumweza. Bakteria huyo, pamoja na yule wa nimonia, hadi leo ni miongoni mwa wanaoongoza kwa kusababisha ugonjwa huu. Basi tangu siku ya kwanza kabisa, antibiotiki na sainasi zimekuwa na uhusiano wa mashaka.

Mashaka hayo yamepimwa. Mwaka 2018 ulitolewa uchambuzi uliokusanya tafiti za watu wazima walioonwa na madaktari wa kawaida wakiwa na sainasaitisi. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 46 kati ya 100 walikuwa wamepona baada ya wiki moja, na 64 baada ya siku 14. Waliopewa antibiotiki, waliopona haraka zaidi waliongezeka watu 5 hadi 11 tu kwa kila 100. Na upande wa pili wa mizani? Waliopata madhara, tumbo la kuhara, kichefuchefu, vipele, waliongezeka 13 kwa kila 100. Hesabu ninyi wenyewe.

Sijasema antibiotiki ni mbaya. Yule dereva wa lori alizihitaji. Nimesema kuna siku yake. Na siku ikifika, aina na kipimo aamue daktari. Kwa kawaida huwa ni siku tano hadi saba kwa mtu mzima, si wiki tatu. Usitumie vilivyobaki kabatini vya ndugu yako aliyeugua koo mwaka jana.

Wakati unasubiri kalenda, ufanye nini? Maumivu na homa, tumia parasetamoli au ibuprofeni ikiwa huna sababu ya kuziepuka. Mtoto asipewe aspirini. Lala, kunywa maji, kaa mbali na moshi wa sigara. Ukipenga, penga polepole, tundu moja moja. Imeonekana kuwa kupenga kwa nguvu hurudisha kamasi ndani ya sainasi, jambo ambalo kukohoa na kupiga chafya havifanyi. Kwa hiyo wale wanaopenga hadi ukuta unatikisika, poleni, mnajirudisha nyuma.

Kisha maji ya chumvi. Hapa nitasimama kidogo, maana ni dawa rahisi na ina hatari moja isiyojulikana sana. Chukua nusu lita ya maji, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha magadi ya kuokea. Inama juu ya beseni, mimina au puliza kwenye tundu moja, kichwa kikiwa upande, huku ukipumua kwa mdomo. Yatatokea tundu la pili. Yanaosha kamasi nzito na kuvipa vinyweleo nafasi ya kufanya kazi. Lakini maji hayo yawe yamechemshwa, yakatokota dakika moja kamili, au dakika tatu kwenye nyanda za juu sana, kisha yakapoa. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Maji yalikuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Ukimnywa hakudhuru, ukimwingiza puani anapanda hadi kwenye ubongo. Ni tukio la nadra sana. Kuchemsha maji kunalimaliza kabisa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Dawa ya steroidi ya kupulizia puani, ile ya kupunguza uvimbe wa utando, inaweza kusaidia kiasi, hasa kwa aliyevuka siku kumi, na hata kwa mwenye mzio. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati wa pua. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia.

Zile za kuzibua pua papo hapo ni kitu kingine kabisa. Kuna kijana niliyemkuta na chupa tatu, moja kitandani, moja kwenye gari, moja mfukoni. Alianza na mafua, akapuliza, pua ikafunguka ajabu. Ikaziba tena, akapuliza. Miezi imepita, mafua hayakumbuki, ila bila chupa hapumui. Dawa hizo hubana mishipa ya damu. Zikizidi siku tatu hadi tano, zikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko mwanzo, na sasa dawa ndiyo ugonjwa. Tulimtoa kwenye chupa hizo kwa tabu, na hakunishukuru wiki ya kwanza. Zile za vidonge hupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo wenye presha, wenye matatizo ya tezi dume na wenye presha ya macho wamuulize mfamasia kabla ya kununua.

Na kujifukiza? Nilijua mnangoja hilo. Mvuke unaweza kukupa raha ya muda, faida zaidi ya hapo haijathibitishwa vizuri. Ila nimeona watoto wameungua mapaja na kifua kwa sufuria iliyopinduka. Mkitaka mvuke, ogeni maji ya moto mlango ukiwa umefungwa. Mtoto na sufuria ya maji yanayotokota wasikae chumba kimoja.

Mwenye kupata ugonjwa huu mara nne au zaidi kwa mwaka, huku katikati akiwa mzima kabisa, amwone daktari wa masikio, pua na koo. Kuna kinachozuia, na huenda ni mzio, vinyama vya puani, au ukuta wa pua uliopinda.

La mwisho, na hapa sitaki mtazame kalenda hata kidogo.

Kati ya sainasi za katikati ya macho na jicho lenyewe kuna mfupa mwembamba mno. Usaha ukiupenya, unaingia kwenye tundu la jicho. Mvulana mmoja aliletwa akiwa na mafua ya siku chache tu. Mama yake alikuwa amesikia mazungumzo ya namna hii, akahesabu siku, akaona bado kumi hazijafika. Asubuhi kope la kushoto lilivimba kidogo, jioni jicho halifunguki. Mama hakungoja tena, alimleta usiku ule ule. Alilazwa, akapewa dawa ya mshipa, na jicho lake linaona hadi leo. Angelala nyumbani siku mbili zaidi, nisingethubutu kusema hivyo.

Kwa hiyo shikeni haya. Jicho kuvimba, kuwa jekundu, kutokeza mbele, kuona viwili viwili au kuona kwa shida. Uvimbe kwenye paji la uso. Kichwa kikali kisichosikia dawa, shingo ngumu, kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida. Na mwenye kisukari kisichodhibitiwa au kinga iliyoshuka, akiona ganzi usoni, au weusi ndani ya pua au kwenye kaakaa, huenda ni kuvu, ile ile iliyowashika maelfu nchini India mwaka 2021 wakati wa korona, na hiyo hula mifupa kwa kasi. Hakuna kusubiri kesho, hakuna kupitia duka la dawa kwanza.

Mkifika mapokezi usiku huo, msiseme “mtoto ana mafua”, maana mtaambiwa kaeni kwenye foleni. Semeni, “Ana mafua, na jicho limevimba.”